Tupeane uzoefu: kuchuliwa misuli, ulipona au ulizidi?

Fundi Cherehani: Jamani, mwenzenu nilikaa wiki mbili shingo haigeuki. Mimi mshoni, Mwembe Tayari hapa Mombasa, na msimu wa Idi ulinikuta nimeinamia cherehani toka asubuhi hadi usiku. Juzi jirani akanikokota hadi Kibokoni kwa bibi mmoja mkandaji. Akapasha mafuta ya nazi na thomu iliyopondwa, akanilaza kifudifudi mkekani, akaanza taratibu kwa kiganja. Kisha kidole gumba kikasimama juu ya bega. "Hapa pana kitu." Kweli, kinundu kama punje ya mahindi, alipokibonyeza maumivu yakapanda mpaka nyuma ya sikio. Nilipiga yowe. Bibi akacheka, wala hakuongeza nguvu, alituliza kidole palepale hadi kinundu kikalegea chenyewe. Jana nimegeuka kutazama matatu inayokuja bila kuzungusha mwili mzima! Haya, wenzangu yenu yalikuwaje?

Hamali Kongowea: Sisi huku tunakanyagana. Unalala juu ya magunia matupu, mwenzako anapanda mgongoni kwa visigino. Utamu wake siku mbili, ya tatu kiuno kimerudi vilevile. Mwishowe nikaenda hospitali kwa mtu wa tiba ya viungo. Alinichua kidogo tu, kisha akanifundisha kulala chali, kukunja magoti na kunyanyua makalio, kila siku. Nilimdharau, wallahi. Lakini gunia la kilo 90 halitaki mgongo uliolegezwa tu, lataka wenye nguvu.

Mama Wawili: Mimi nilikandwa arubaini zangu zote mbili, maji ya moto na kitambaa. Sina la kusema ila raha.

Beki Tatu: Msifanye kama sisi. Niliteguka kifundo cha mguu uwanjani, wenzangu wakanivamia na dawa ya kuchua palepale, wanasugua kwa nguvu zao zote. Hadi magharibi mguu umefura kama boflo. Baba alinunua barafu kwa muuza samaki, akaifunga kwa kitambaa, akaniinulia mguu juu ya mito, akakataza mtu kuugusa siku mbili. Harufu ya samaki ilikaa chumbani wiki nzima.

Abiria wa Usiku: Langu ni la kutisha. Nilitoka Nairobi kwa basi usiku kucha, nimekunja miguu. Siku ya pili kigimbi cha mguu wa kushoto kikavimba, kina joto, kinauma nikikanyaga. Nikajua ni msuli, nikaenda kwa mkandaji Majengo. Aliitazama miguu yote miwili, akaigusa kwa mgongo wa mkono, akafunika chupa yake ya mafuta. "Mguu mmoja tu umevimba na una moto? Siukandi huu. Nenda hospitali sasa hivi." Kumbe damu imeganda ndani ya mshipa. Daktari aliniambia kusuguliwa kungeweza kuling'oa lile donge la damu likaenda kuziba mapafuni. Nilimeza dawa za kuzuia damu kuganda miezi mitatu. Yule mama hakuchukua hata shilingi.

Mpita Njia: Mimi nilienda kwenye hoteli ya Nyali, muziki wa maji na mishumaa. Nililala fofofo. Bega bado linauma, na mfuko pia.

Fundi Cherehani: @Mpita Njia 😂 Bibi yangu alitaka 500 tu. @Hamali, hebu nieleze vizuri hayo mazoezi, na kama kuna ya shingo. Kiti nimeshakiinua kwa mto, lakini oda bado zimejaa mezani.