Gumzo la ukoo: nani aliiangusha Athene?

*Kitinda:* Shikamooni wakubwa. Mjomba, nasoma habari za Wagiriki wa kale. Waliwashinda Waajemi, dola kubwa kuliko zote wakati ule, halafu wakaanguka. Aliyewaangusha ni nani?

*Mjomba:* Marahaba mwanangu. Walianza kuangushana wenyewe. Wageni walikuja kumalizia.

*Shangazi:* Marahaba. Umemchokoza mjomba wako, leo hatulali.

*Mjomba:* Kwanza usidhani Ugiriki ilikuwa nchi moja. Ilikuwa miji mingi mno, kila mmoja una sheria zake na jeshi lake. Lugha moja, miungu ile ile, michezo ya Olympia ambayo kwa hesabu ya jadi ilianza 776 KK. Serikali moja hawakuwa nayo.

*Dada Mkubwa:* Ndiyo maana walijaribu mambo mengi. Sparta wafalme wawili kwa wakati mmoja. Athene, Cleisthenes akawapanga wananchi upya 508 KK, nguvu za koo kubwa zikapungua.

*Mjomba:* Sasa sikiliza hili, mimi ndilo ninalolipenda. Karibu 483 KK Athene walipata madini mengi ya fedha kule Laurion. Kulikuwa na wazo la kuyagawa, kila mwananchi achukue chake. Kiongozi wao Themistocles akawashawishi wajenge merikebu za vita. Miaka mitatu baadaye, 480 KK, zikawavunja Waajemi pale Salamis. Merikebu moja ilihitaji wapiga makasia kama 170, na wengi wao walikuwa maskini wasio na shamba wala deraya. Mtu aliyeuokoa mji kwa mikono yake utamwambiaje anyamaze barazani?

*Kaka:* Lakini Mjomba, wanawake hawakuwa na kura. Na hiyo fedha ya Laurion ilichimbwa na watumwa.

*Mjomba:* Kweli tupu, na usikubali mtu akuruke hapo. Hata wageni waliozaliwa Athene na kuzeekea Athene hawakuwa na sauti.

*Shangazi:* Mtoto bado hajajibiwa.

*Mjomba:* Naja. Baada ya vita miji ikaungana chini ya Athene mwaka 478 KK, ijilinde dhidi ya Waajemi. Kila mji ulitoa merikebu au mchango, hazina ikawekwa kisiwa cha Delos. Kisiwa cha Naxos kilipotaka kujitoa, kikazingirwa na kurudishwa kwa nguvu. Mwaka 454 KK hazina ikahamishiwa Athene. Mchango ukawa kodi, wenzao wakawa raia wa kutawaliwa. Zile nguzo za hekalu la Parthenon pale Athene mnazozisifu zilijengwa miaka hiyo hiyo.

*Mjomba:* Mwaka 416 KK wakakiendea kisiwa cha Melos, ambacho hakikutaka kuwa chini yao. Wanaume waliowakamata wakawaua, wanawake na watoto wakawauza utumwani.

*Kitinda:* Wagiriki wenzao???

*Mjomba:* Wenzao. Kwangu mimi Athene ilianguka siku ile, ingawa ilisalimu amri mbele ya Sparta miaka 12 baadaye.

*Dada Mkubwa:* Usiiache tauni, kaka. Vita na Sparta vilianza 431 KK, watu wa mashamba wakajazana ndani ya kuta, mwaka uliofuata maradhi yakaingia. Pericles mwenyewe, kiongozi wa Athene, alifariki 429 KK.

*Mjomba:* Naam. Halafu wakapeleka jeshi Sisilia 415 KK, likateketea lote. Sparta nayo ikajenga merikebu kwa pesa za nani? Za Waajemi! Mwaka 404 KK kuta za Athene zikabomolewa.

*Kitinda:* Kwa hiyo Sparta ikatawala?

*Kaka:* Haikudumu. Mji wa Thebes uliipiga Sparta pale Leuctra 371 KK. Mfalme Filipo wa Makedonia akawashinda Athene na Thebes 338 KK. Warumi wakaiteketeza Korintho 146 KK.

*Dada Mkubwa:* Mimi neno "wakaanguka" silikubali lote. Wanafalsafa Plato na Aristotle walifundisha baada ya Athene kushindwa. Kigiriki kikawa lugha ya biashara mpaka Misri. Karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za baharini, akautaja mji wa Rhapta kwenye pwani yetu, pembe za ndovu na magamba ya kasa.

*Shangazi:* Pwani yetu hii?

*Dada Mkubwa:* Hii hii, dada. Wao waliiita Azania.

*Kitinda:* Mjomba, wale wa Melos hawakujitetea?

*Mjomba:* Walijitetea. Walisema mji wao umekuwa huru miaka 700, hawawezi kuutoa kwa siku moja. Waliomba waachwe wasiwe upande wowote. Athene wakakataa.

*Kaka:* Lakini Lysander wa Sparta alipoishinda Athene aliwakusanya wa Melos waliosalia, akawarudisha kisiwani kwao.

*Kitinda:* Hilo silijui. Ngoja nilisome sasa hivi.