Kuhamisha vitabu vya zamani kutoka Kivukoni kwenda Mbezi, nianzie wapi?

Mtunza_Rafu
Wakuu, habari za jioni. Natunza maktaba ndogo ya taasisi fulani hapa Kivukoni. Tunatakiwa kupisha jengo kabla mwezi wa tisa haujaisha. Vitabu vya kawaida havinisumbui. Kinachoninyima usingizi ni chumba cha nyuma: vitabu vya enzi ya Mjerumani ambavyo ngozi yake inapukutika unga mwekundu, ramani, na magazeti ya Mambo Leo ya miaka ya 1920 yaliyojalidiwa. Vingine vimetobolewa na wadudu. Bosi anataka viroba, Fuso moja, siku moja. Nisaidieni kabla hajaita vibarua.

Kibopa_Temeke
Anika juani, wadudu wote kwisha. Bibi alifanya hivyo kwa magodoro.

FundiJalada
Kibopa, godoro halina wino! Jua linafubaza maandishi na kupinda majalada. Dawa ya kupuliza nayo hapana.

Chenye wadudu kitie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba vizuri, weka kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko hadi kesho yake, ili umande utue nje ya plastiki na si kwenye karatasi. Friza liwe la kazi hiyo tu, si lile la samaki wa Feri.

Ule unga ni ngozi iliyoliwa na asidi, hairudi tena. Usipake mafuta. Fungia kitabu kwenye karatasi isiyo na asidi, funga kwa utepe wa pamba. Rababendi inakata, solotepu inaacha gundi.

mama_nyaraka
Mwanangu, orodha kwanza. Kila kitabu kiwe na namba kwenye kipande cha karatasi kinachochungulia juu, kimeandikwa kwa penseli, na orodha ioneshe boksi lake na rafu kinakokwenda. Nimeona watu wakitafuta juzuu la pili miaka mingi baada ya kuhama.

Maboksi yawe madogo na mapya. Yaliyobeba vyakula yanakuja na mende. Vitabu vikubwa vilale, ramani zikae bapa katikati ya kadibodi ngumu, zisikunjwe.

Chumba cha Mbezi kimepigwa plasta lini?

Mtunza_Rafu
Shikamoo mama. Mwezi uliopita. Kona moja bado ina unyevu.

mama_nyaraka
Marahaba. Hapo ndipo penye hatari kuliko Fuso. Ukuta mpya hutoa maji kwa miezi, na unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 ukungu unaota, tena vuli inakuja. Tundika kipima unyevu leo, andika asubuhi na jioni. Vitabu vya kawaida vitangulie. Vya chumba cha nyuma visubiri, hata kama ni kuazima chumba kikavu kwingine. Waulize Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, wao wanatunza mafaili ya utawala wa Mjerumani.

FundiJalada
Ukikuta jalada la kitambaa la kijani kikali la karne ya 19, vaa glavu. Baadhi ya rangi zile zina aseniki.

Mtunza_Rafu
Asanteni. Kesho nampelekea bosi vipimo vya unyevu kwanza, habari ya viroba itafuata.