Mchanga wa kuchezea watoto kwenye tangi la samaki wa bahari: niuweke au niurudishe dukani?

MamaSalma_Ohio

Wakuu, habari za jioni. Naishi Columbus, Ohio, kwetu Tanga. Nimenunua tangi la kioo la galoni 40 kwa jirani aliyekuwa anahama. Limekuja na pampu mbili, hita na mawe makavu ya kutosha. Binti yangu ana miaka tisa na hajawahi kuiona bahari ya nyumbani. Nataka angalau aone kipande chake hapa sebuleni: samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye pete nyeupe, konokono, na baadaye matumbawe laini.

Nimekwama kwenye mchanga. Duka la samaki wanauza wa aragonaiti (aina ya chokaa), paundi 20 kwa dola 38, na muuzaji anasema nitahitaji mifuko miwili au mitatu. Duka la vifaa vya ujenzi nimepata mchanga wa kuchezea watoto, paundi 50, chini ya dola 7. Nimeununua, uko gereji, sijaufungua. Nilipomwambia muuzaji wa samaki alishtuka. Anasema ni silika tupu (madini yanayotengenezea kioo), tangi litajaa uchafu wa kahawia usioisha na pH itashuka, yaani maji yatazidi asidi. Mfuko wenyewe nao una onyo kuhusu vumbi la silika. Naomba msaada kwa aliyewahi kuutumia kweli.

Nahodha77

Dada rudisha. Mimi niliuweka, wiki ya tatu tangi lote likawa la kahawia, mchanga, kioo, mpaka pampu. Niliutoa wote kwa kikombe. Nunua ule wa duka la samaki ulale usingizi.

Pono_wa_Pangani

Dada MamaSalma, usiurudishe. Tangi langu la galoni 75 hapa Baltimore limekaa juu ya mchanga wa namna hiyo tangu 2016, na samaki wangu mkubwa ana miaka saba. Nitaandika kwa kirefu maana hofu hii nimeisikia mno, na watu wenye kipato kidogo wanaacha kufuga kwa ajili yake.

Kaka Nahodha, hiyo kahawia uliyoiona naiamini. Ni diatomu, mwani mdogo sana unaojijengea gamba la silika. Lakini silika anayoitumia ni ile iliyokwisha kuyeyuka majini. Punje ya mchanga ni kwatsi, yaani silika iliyo jiwe gumu, na kwatsi katika maji ya baridi au ya vuguvugu inayeyuka polepole mno. Angalia mchanga wa Mto Pangani: umesuguliwa na maji tangu enzi na bado ni mchanga. Tangi karibu lolote jipya hupitia kahawia hiyo wiki za mwanzo, la mchanga ghali na la mchanga rahisi, kisha konokono wanakula na silika iliyomo majini inakwisha. Ungengoja wiki tatu nyingine pengine usingeshika kikombe.

Nasema hivi kwa sababu tangi langu la kwanza, mwaka 2013, nililiwekea aragonaiti ya bei. Likawa kahawia miezi minne mfululizo. Nilibadilisha taa, nikapunguza chakula, nikafuta kioo kila asubuhi kabla ya kazi. Kumbe nilikuwa nachanganya chumvi na maji ya bomba. Maji ya bomba yana silika iliyoyeyuka, na kila nilipoongeza ndoo ya kufidia yaliyovukiza nilikuwa nawalisha diatomu upya. Nilipofunga chujio la RO (linalosukuma maji kupitia utando unaozuia madini) lenye hatua ya mwisho ya resini, punje zinazonasa yaliyobaki, kahawia ikaondoka ndani ya mwezi. Mchanga ulikuwa ule ule. Kwa hiyo dada, zile dola sabini hadi mia hivi utakazookoa zipeleke kwenye chujio la maji. Kama kuna ushauri mmoja wa kushika katika haya yote, ni huu.

Kuhusu pH. Ni kweli aragonaiti ni chokaa, na chokaa ikiyeyuka hupandisha pH. Ila maji ya bahari yenye pH 8.1 tayari yameshiba chokaa, hayana haja ya kuilamba kutoka mchangani. Mpaka pH iporomoke vibaya, au kule chini kabisa ambako bakteria wanazalisha asidi, ndipo chokaa inapoanza kuyeyuka kwa kiasi cha maana. Kinachoshikilia pH yako ni chumvi nzuri na kubadilisha maji. Na wewe uliye Ohio utaona kitu: Januari, madirisha yamefungwa, hita inawaka, watu watano sebuleni wanapumua, pH inashuka hadi 7.8. Ni hewa ya kaboni ya ndani ya nyumba. Fungua dirisha nusu saa, itapanda.

Sasa ubaya wa kweli wa mchanga huu, ambao muuzaji hakukwambia.

Unakwaruza kioo. Ugumu wa kwatsi ni 7, kioo ni kama 5.5, aragonaiti haizidi 4. Punje moja ya chokaa ikinasa kwenye sumaku ya kusafishia kioo inasagika. Punje ya kwatsi inachora. Mimi nina mstari wa sentimita 20 mbele kabisa, nilipoukokota mwenyewe mwaka wa kwanza bila kutazama, na kila mgeni akiinama kuangalia samaki macho yake yanaanzia hapo. Sumaku isimamishe sentimita tatu juu ya mchanga. Hapo chini tumia kadi ya benki iliyokwisha muda.

Pia ni mwepesi kupeperuka. Pampu zielekeze juu kuelekea uso wa maji, la sivyo utaamka ukute shimo kona moja na kilima kona nyingine.

Lile onyo la mfukoni ni kwa ajili ya mapafu yako, siyo ya samaki. Vumbi la silika likivutwa kavu linadhuru. Toboa mfuko, mimina maji ndani uloane kabla hujaumwaga, vaa barakoa, na binti akae mbali mpaka uwe umelowa.

Kabla ya kuulowesha na kuuosha, upime. Weka kijiko kimoja kikavu kwenye glasi, mwagia siki. Ukitoa mapovu mengi una chokaa, ukinyamaza ni kwatsi. Zamani, kama miaka ya 2000 mwanzoni, maduka ya ujenzi ya pwani hii ya mashariki yaliuza mchanga wa watoto ulioitwa Southdown ambao kumbe ulikuwa aragonaiti safi. Wafugaji wa zamani bado wanausimulia jinsi walivyouendea majimbo ya mbali. Siku hizi mfuko utakaoukuta karibu wote ni kwatsi, na si tatizo, ila ujue unachokiweka. Kisha pitisha sumaku yenye nguvu ndani ya mchanga mkavu. Ikinasa punje nyeusi chache za chuma, zitoe. Ikitoka imevaa ndevu, hapo ndipo ninapokubali urudishe.

Kuosha: ndoo isizidi theluthi moja ya mchanga, mpira wa maji uingie mpaka chini kabisa, koroga kwa mkono, mwaga tope. Mara kumi na tano kwa kila ndoo, pengine ishirini. Fanya nje, kamwe usifanye kwenye sinki, mabomba yataziba. Suuzo la mwisho litumie maji ya RO.

Tangi la galoni 40, kama ni lile pana, ni sentimita 91 kwa 46. Kina cha sentimita tatu kinataka lita kumi na mbili na nusu, yaani kama kilo 20. Mfuko wako mmoja una karibu 23. Unatosha hata baada ya kupoteza wa kuosha. Mawe yatangulie, yakae juu ya kioo chenyewe, mchanga uje kuyazunguka. Kamba na samaki wachimbaji wakifukua chini ya jiwe lililosimama juu ya mchanga, jiwe litaanguka. Usijaze kina cha sentimita saba nane ukidhani unaongeza uzuri. Uchafu unajificha humo, pakifukuliwa panatoa harufu ya yai viza, na hewa hiyo ni sumu.

Neno la mwisho, kuna mchanga wa kuziba nyufa za matofali ya uani unaokaa rafu moja na huu. Una gundi. Soma mfuko vizuri.

MamaSalma_Ohio

Kaka Pono, Mungu akubariki. Nimefanya jaribio usiku huu huu na binti ameshika glasi mwenyewe. Siki imenyamaza kabisa. Sumaku imetoa punje kama kumi na mbili, amezihesabu. Ila rangi yake ni hudhurungi, siyo nyeupe kama ya kwenye picha. Itakuwa mbaya?

Pono_wa_Pangani

Kumi na mbili si kitu. Kuhusu rangi nitakujibu kama mtu wa kwetu. Pale mto unapoingia baharini Pangani mchanga una rangi hiyo hiyo, na ndio nilioukanyaga utotoni. Usiku nikizima taa za sebule nikaacha ya tangi peke yake, huwa nakaa mbele yake muda mrefu kuliko ninavyokaa mbele ya televisheni. Mweupe sana humfanya samaki apauke, juu ya hudhurungi chungwa lake linakolea.

Mjukuu_wa_Unguja

Assalaam aleikum jamani. Naomba nami niulize, mie nipo Paje, nina tangi dogo. Natia mchanga wa ufukweni moja kwa moja, naosha kwa maji ya bahari. Kuna ubaya?

Pono_wa_Pangani

Waalaikum salaam. Wako huo ukiutilia siki utachemka mpaka ushangae. Mchanga wa Unguja sehemu kubwa ni chokaa: matumbawe yaliyosagika, makombe, na kile samaki aitwaye pono anachokitoa tumboni baada ya kutafuna mwamba. Lakini weupe peke yake usiwe kipimo chako. Ukivuka kwenda Kunduchi, Dar es Salaam, mchanga mwingi umeletwa na mito kutoka bara na ni kwatsi kama ule wa dada kule Ohio.

Tatizo lako wewe ni uhai. Ndani ya kiganja kimoja kibichi mna minyoo na viumbe vidogo vingi. Ukiufungia kwenye ndoo juani kwa muda wa saa nne wanakufa, wanaoza, amonia inapanda, samaki wanahema juu. Ama uutie tangini mbichi ndani ya saa moja, kidogo kidogo, ama uukaushe kabisa na kuuosha. Usichote karibu na bandari wala mfereji wa maji machafu, na uliza sheha kwanza kama kuchota kunaruhusiwa hapo ulipo.

Nahodha77

Mkuu Pono, na mimi nilitumia maji ya bomba. Nimekumbuka sasa. Nilitia dawa ya klorini nikadhani yamekwisha.

Pono_wa_Pangani

Dawa ile inaua klorini tu kaka, silika inaiacha ilivyo. Kama una nafasi ya tangi jingine nitafute, chujio langu la zamani lipo kabatini, badilisha vichujio vya ndani ulitumie.

MamaSalma_Ohio

Narudi baada ya wiki tano. Nimeosha ndoo nne, mara kumi na nane kila moja, mikono iliuma siku mbili. Siku ya kwanza maji yalikuwa kama tui, siku ya tatu nikaona ukuta wa nyuma. Wiki ya tatu kahawia ikaja kama mlivyosema. Sikuigusa, nilitia konokono sita tu, na maji yote ni ya RO. Leo imebaki upande wa dirishani. Amonia na naitraiti, zile sumu za uchafu, zote sifuri, chumvi 1.025 kwa kipimo cha uzito wa maji. Samaki wawili wanakuja Jumamosi.

Konokono wawili wamezama mchangani kabisa, mrija mmoja tu ndio umetokeza juu kama kijiti. Binti analala kifudifudi sakafuni kila akitoka shule akiutazama huo mrija. Hao waliozama ni wazima, au niwafukue?

Pono_wa_Pangani

Ni wazima, waache. Dondosha kipande cha nyama ya kamba kesho jioni, umwite binti.