Nataka kugombea uenyekiti wa kijiji ila aliyekalia kiti ni shemeji yangu, naanzia wapi?

Binti_Kisima:
Habari za muda huu wakuu, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu maana mimi siasa nilikuwa naisikia tu kwenye redio. Kijiji chetu kidogo sana, walioandikishwa kupiga kura ni 412, tunajuana wote mpaka nani anakoroma. Uchaguzi unakaribia na akina mama wa kamati ya maji wamenishikia bango nichukue fomu ya uenyekiti, sababu yao ni moja tu, miaka mitatu natunza daftari la kamati na kila mwezi nasimama nasoma kilichoingia na kilichotoka.

Sasa shida ni kwamba mwenyekiti aliyepo ni shemeji yangu, kaka wa mume wangu kabisa. Si mtu mbaya jamani, ila mikutano haitishi, akiitisha mapato na matumizi hasomi, ukimuuliza anacheka anakwambia "shemeji bwana!" basi imeisha hiyo. Mume wangu kasema niamue mwenyewe, na nyinyi mlio kwenye ndoa mnajua maana ya hiyo kauli. Mama mkwe hajasema kitu, na huyo ndiye ninayemuogopa.

Naomba kujua, kampeni nafanyaje dhidi ya mtu ambaye jioni tunakaa uwanja mmoja? Ni lazima niwe na hela? Na nikipita kila mtu ananiambia "tuko na wewe", nikiwajumlisha hao nimeshashinda, niwaamini?

Mzee_Daftari:
Mdogo wangu naanza na hilo la mwisho maana ndilo lililowahi kunitoa machozi. "Tuko na wewe" ni salamu hiyo, si kura. Mtu umekutana nae njiani ana mzigo kichwani anataka apite zake, ulitaka akwambieje, siko na wewe? Mimi niligombea ujumbe kwenye kijiji kama chako, nikawa natembea kifua mbele, nikashindwa kwa kura tatu. Tatu! Jioni ndio nagundua watu wanne wa nyumbani kwangu mwenyewe hawakwenda kupiga, walikuwa shambani, nawauliza vipi wananiambia "sisi tulijua umeshapita mjomba". Sikulala.

Mara ya pili nikachukua daftari la shule la kawaida, kila nyumba nikaipa ukurasa wake, juu jina la mwenye nyumba chini kila mwenye kura mmoja mmoja. Nikifika sisemi nichagueni, nauliza tu hapa kwenu kinachowasumbua ni nini, halafu nanyamaza. Nikishatoka nikapinda kona ndio naandika. Alama zangu zilikuwa tatu, wangu, wa mwenzangu, hajulikani. Aliyenichekea akasema tuko na wewe bila kunitajia shida yoyote nilimwandika hajulikani. Aliyenilalamikia nusu saa kuhusu kalavati na mpaka wa jirani yake, huyo ndio wangu, maana kashanikabidhi kitu. Siku ya kura usikae karibu na kituo kutabasamu, kwanza sehemu nyingi hairuhusiwi, wewe na watu wako shikeni daftari mzungukie wale wenu tu mkiuliza "umeshakwenda?" Nilipita kwa kura 19.

Ila daftari lifiche. La kwangu mtoto alilichukua kufanyia hesabu akaenda nalo shule, ikajulikana nani kaandikwa hajulikani, nikalazimika kwenda kuomba radhi nyumba mbili. Moja hawakunisamehe.

kijiti_cha_moto:
Mama mkwe kwanza, fomu baadae. Mengine yote porojo.

Karani_Mstaafu:
Wenzangu wanaongelea kura, mimi nimekaa meza ya kupokea fomu chaguzi kadhaa na nakwambia dada, wagombea wengi hufia pale mezani, kampeni hata haijaanza. Kila nchi ina kanuni zake kwa hiyo za kwenu zitafute uzisome kwa macho yako usisimuliwe, lakini makosa ninayoyaona ni yaleyale. Jina kwenye fomu liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye orodha ya wapiga kura. Kama kule umeandikwa kwa jina la baba na huku unajaza la mume, hapo umempa mwenzako pingamizi la bure. Wadhamini, wakitakiwa kumi wewe tafuta kumi na tano, maana lazima utakuta mmoja hajaandikishwa na mwingine kashamsainia na shemeji yako, kijijini watu hawajui kukataa. Na fomu usirudishe siku ya mwisho jioni ukihema, rudisha mapema ili kosa likionekana upate muda wa kurekebisha, na usiondoke bila karatasi ya kupokelewa yenye saini na muhuri. Nimeshuhudia mtu kaapa karudisha, sisi fomu hatuna, yeye karatasi hana, imekula kwake.

Halafu wakala. Watu wanamweka yule anayewapenda sana, matokeo yake saa nne usiku kura zinahesabiwa yeye anasinzia. Weka mtu mbishi. Awe ameshakula, awe na kalamu mbili, aandike tarakimu zake mwenyewe na asisaini karatasi ambayo nafasi za namba bado ziko wazi.

Na msiichezee kura moja. Mwaka 2017 jimbo la Virginia, Marekani, wagombea wawili wa bunge la jimbo walifungana kura 11,608 kwa 11,608, Januari 2018 majina yao yakatiwa kwenye bakuli likachomolewa moja, mwanamama akakosa kiti hivyo hivyo. Uingereza nako madiwani wakifungana mshindi anapatikana kwa bahati nasibu. Hao wa Virginia walipigiwa na watu zaidi ya elfu ishirini na tatu wakafungana, sembuse nyinyi 412.

Mpita_Njia:
Mimi nitakuwa tofauti, mnivumilie. Dada usigombee. Sasa hivi una daftari la maji na watu wanakuamini, hiyo tayari ni nguvu kuliko ya huyo shemeji mwenye muhuri. Ukiingia kwenye uenyekiti utakuwa mtu wa kusuluhisha ugomvi wa mbuzi saa kumi na moja alfajiri, ukishindwa umepoteza kiti na ukoo kwa mpigo. Nimeona ndugu hawaongei kwa sababu ya kura. Bora umbane ukiwa nje, simama mkutanoni uliza mapato na matumizi, akicheka uliza tena.

Mama_Baraza:
@Mpita_Njia hapo kwenye mbuzi umesema kweli, mimi nimekaa kwenye baraza miaka mitano na mlango wangu uligongwa mpaka nikawa nalala na khanga mkononi. Lakini huko kuuliza ukiwa nje kashafanya miaka mitatu, kajibiwa "shemeji bwana". Na anayekalia kiti anabadilisha mambo, sio jina tu. India kuanzia 1993 katiba yao inatenga theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji kwa wanawake, na uenyekiti pia kwa zamu, basi watafiti wawili, Chattopadhyay na Duflo (huyu Duflo ndiye aliyekuja kupata Nobel ya uchumi 2019), wakalinganisha vijiji ambavyo zamu iliangukia mwanamke na ambavyo haikuangukia. Kwenye wanawake wakakuta maji ya kunywa yamewekewa nguvu zaidi. Siyo kwamba wanawake ni malaika, nimekaa nao barazani nawajua, ni kwamba anayechota maji ndiye anayejua bomba limekauka lini.

Sasa Binti nisikilize. Shemeji asisikie kwa watu. Nenda wewe mwenyewe, mchana, mume wako akiwepo, mwambie nachukua fomu, usiombe ruhusa na usianze kumtajia makosa yake. Kwenye kampeni jina lake usilitaje kabisa, wewe sema utakachofanya, kwamba mkutano utakuwa tarehe fulani, na hesabu zitasomwa na kubandikwa ukutani. Watu si wajinga, wenyewe watalinganisha. Akitokea mtu wa upande wako anamtukana, mkatae hapohapo mbele za watu, maana tusi likirushwa kijijini halirudi, litakukuta kwenye harusi ya mtoto wako miaka kumi baadae.

Hela, unahitaji ya nakala za karatasi na viatu. Usigawe kitu. Kwanza ni kosa, pili anayepokea kwako atapokea na kwa shemeji, tatu siku ukiwa kwenye kiti atakwambia wewe si ulininunua, unanidai nini.

kijiti_cha_moto:
Mama Baraza kaandika gazeti zima ila mama mkwe kamruka 😂

Mama_Baraza:
Sijamruka. Huyo hana mtaalamu.

Binti_Kisima:
Nimesoma zote, Mungu awabariki, hata wewe Mpita_Njia maana ulichosema ndicho mume wangu anachokiwaza hakisemi.

Mrejesho kidogo. Jana tulikwenda kwa shemeji na mume wangu. Nikamwambia. Akacheka ile ya kwake, "shemeji bwana!", mume wangu hakucheka, mimi sikucheka, ikabidi na yeye aache. Akakaa kimya kama anatafuta kitu chini, halafu akaniuliza wadhamini nimeshapata. Nikamwambia tisa. Akasema "wewe tisa, mimi sijaanza". Basi tukaongea mambo mengine.

Tunaaga ndio mama mkwe akaongea kutoka ndani, hata uso hakuuonesha, akauliza, "na hilo daftari la maji, ukiwa mwenyekiti atashika nani?" Nikamjibu nitamfundisha mtu. Akasema "haya". Nimeigeuza hiyo haya usiku kucha. Daftari nimeshanunua, ukurasa wake nimemwandika hajulikani.

Karani naomba unisaidie hili, kwenye orodha nimeona jina langu limeandikwa kwa jina la baba na limekosewa herufi moja. Fomu nijaze hivyohivyo lilivyokosewa?

Karani_Mstaafu:
Usijaze kitu kwanza. Nenda ofisini kesho asubuhi uulize kama muda wa marekebisho ya orodha bado upo. Kama umepita, waulize utaratibu wao wa jina lililokosewa, na jibu wakupe kwa maandishi.