Mwongozaji wa Everest akisema "tushuke", neno lake liwe la mwisho?

Mleta mada

Wakuu, tangu Septemba 2025 Nepal imepandisha ada ya kibali cha Everest kutoka dola 11,000 hadi 15,000. Ukaja pia muswada unaotaka mtu aoneshe kwanza kwamba ameshafika kilele cha mita 7,000 nchini humo ndipo apewe kibali. Wengi wameshangilia: wababaishaji watachujwa, na foleni kama ile ya Mei 2019, ambayo picha yake ilizunguka dunia nzima, itapungua. Mimi naona wanakaza mlangoni, na balaa liko juu kabisa, pale mteja anapogoma kugeuka.

Mnamkumbuka Cheruiyot Kirui, yule mfanyakazi wa benki wa Kenya? Mei 2024 alipanda bila kutumia oksijeni ya mtungi, akiwa na mwongozaji wake, Nawang Sherpa. Hakuwa mgeni wa milima. Manaslu, mlima wa mita 8,163 huko huko Nepal, alikuwa ameshaupanda, kwa hiyo sharti la uzoefu lisingemzuia hata yeye. Taarifa zilizotoka kambini siku zile zilisema Nawang aliita kwa redio kwamba mteja wake amebadilika, hataki kushuka wala kuvuta mtungi. Kirui alikutwa amefariki mita chache tu chini ya kilele. Nawang naye hakurudi. Familia ya Kirui ikaamua mwili ubaki mlimani ili watu wengine wasihatarishe maisha kwenda kuuchukua, na kwa hilo nawavulia kofia.

Hebu jaribuni kusimama alipokuwa Nawang. Oksijeni ya pale ni kama theluthi ya ile tunayovuta huku Tanga. Akili iliyochoshwa na ukosefu wa hewa ndiyo hiyo hiyo inaulizwa kama iko tayari kushuka! Ukimwacha, utaambiwa umemtelekeza. Ukibaki, mnakwisha wote wawili. Na juu ya yote kuna bonasi ya kilele: mteja akifika, mwongozaji anaongezewa pesa. Yaani mtu tunayemtegemea aseme "basi" ndiye tunayemlipa ili asiseme.

Pendekezo langu: juu ya mita 8,000 neno la mwongozaji liwe la mwisho kisheria, na bonasi ilipwe kambi kuu kabla ya safari, wafike wasifike. Nipingeni kwa hoja.

Kaunti 47

Ndugu, hilo la neno la mwongozaji kuwa la mwisho silikubali. Kupanda bila mtungi si wazimu. Wapandaji Reinhold Messner na Peter Habeler walifanya hivyo Everest mwaka 1978, na wengi wamefuata. Mtu mzima, pesa zake, mapafu yake. Kirui alijua anachokitafuta.

Halafu hiyo amri itatekelezwa na nani? Mei 2023 mwongozaji Gelje Sherpa alisitisha safari ya mteja wake juu ya mita 8,000 akamwokoa mtu aliyezidiwa, akambeba mgongoni kwa saa kadhaa akisaidiana na mwenzake. Dunia ilishangaa kwa sababu jambo hilo ni karibu haliwezekani. Na yule alikuwa hoi, hapigani. Mtu anayekusukuma utamshusha vipi?

Mgumu Mstaafu

Wanangu, nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi. Kwetu mwongozaji akisema shuka, unashuka. Mgonjwa anafungwa kwenye machela ya gurudumu moja, vijana wanakimbia naye, kesho yake anagombana na watu akiwa getini Mweka, mzima. Ya tipu pia tunayajua: mgeni asipofika Uhuru, bahasha inakuwa nyepesi, ingawa aliyembebea hema kachoka vile vile.

Lakini mnamtazama mwongozaji wa kileleni peke yake. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka kwenye maporomoko ya Khumbu, njia ya kupandia Everest upande wa Nepal, ikaua watu 16, wote Wanepali, wakiwa kazini njiani kuelekea kambi za juu. Hapo hakuna mteja aliyegoma. Serikali ikazitangazia familia rupia 40,000, kama dola 400 hivi. Ndipo wenzao walipogoma na msimu ukafia pale upande wa Nepal. Mteja anapita maporomoko yale mara chache. Mbebaji anakwenda na kurudi msimu mzima. Mngeanza na bima ya huyo.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Bima nakubali, na si lazima isubiri hili.

Kaunti 47, mtu anayepigana hashushiki, nakubali. Ila mimi sikusema amvute kwa nguvu. Sheria ninayoitaka ni ya kumlinda mwongozaji: akishasema tushuke, akaita kwa redio, akampa mtungi, mteja akakataa, basi ashuke yeye na asiitwe msaliti wala kunyimwa pesa yake. Hiyo haihitaji polisi kileleni. Na haki ya Kirui ya kuchagua inabaki ilivyo. Nawang ndiye sioni alikuwa na uchaguzi gani.

Kaunti 47

Ukiiweka hivyo, sina neno kubwa. Bado nasema mteja naye asaini mapema, akili ikiwa timamu, kwamba hatafuatwa.

Mgumu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kwenye kulipwa mapema niko na wewe. Ila huyo mwongozaji aliyeshuka peke yake, mwakani nani atamchukua?