Mbaazi haziivi, na watoto hawataki kitoweo ila samaki

MamaWatanoWete
Assalaam alaykum. Sisi nyumbani ni watu saba. Nataka mbaazi, choroko na maharage viingie chunguni mara nne kwa wiki. Mbaazi nachemsha saa mbili, bado ngumu, na tumbo linajaa gesi. Natia ukwaju mwanzo pamoja na vitunguu. Maji ni ya kisima.

JikoLaShamba
Waalaykum salaam dada. Ukwaju ndio unaokutesa. Kitu kikali chochote, hata ndimu na nyanya, hukaza ganda. Utie ukwaju mwishoni, mbaazi zikishaiva. Toa moja uibonyeze kwa ulimi kwenye kaakaa: ikivurugika yote bila kiini kigumu, tayari.

Pili ni maji. Visima vyetu vingi vina chokaa, nayo hukaza vilevile. Pikia maji ya mvua ukiyapata. Huna, roweka usiku kucha kwa maji yenye robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwa kila lita. Usizidishe, zitanuka sabuni. Kwa joto hili badilisha maji mara moja kabla ya kulala, la sivyo asubuhi utakuta povu na uchachu. Maji hayo yamwage, usipikie. Sehemu ya gesi huondoka nayo. Mbaazi za zamani dukani, zilizosinyaa na kufifia rangi, hata soda haizisaidii sana.

Mseto_Moto
Kwa watoto anza na mseto. Choroko zilizokobolewa kikombe 1, tui jepesi vikombe 6, chumvi. Chemsha dakika 10, ndipo utie mchele vikombe 2. Ukilainika, ponda kwa mwiko, mimina tui zito kikombe 1, moto mdogo kabisa. Tui zito likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea. Samaki usimwondoe, shoga: mpunguze, vipande vinne badala ya saba, mchambue uchanganye kwenye mchuzi.

Na adesi nyekundu haihitaji kurowekwa. Nusu kikombe ndani ya mchuzi wa samaki, dakika 20, inayeyuka na kuufanya mzito.

MamaWatanoWete
Ahsanteni sana. Na maharage mekundu, naweza kuyaacha kwenye mkaa mdogo tangu asubuhi?

JikoLaShamba
Hapana dada! Maharage mabichi yana sumu inayotapisha na kuharisha, na moto mdogo hauiondoi. Yachemke kwa nguvu dakika 10 kwanza, maji yakitokota kweli, kisha punguza mkaa. Chai ngojeni kama saa moja baada ya kula, maana huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage yasiingie mwilini. Ndimu ya mezani, kinyume chake, huyasaidia kuingia mwilini.