Mrejesho: kifaa cha kufuatilia punda Lamu kinachojichaji kwa mwendo

Wadau, lile swali la kwa nini kifaa cha shingoni mwa punda kinazimika kila asubuhi ilhali punda anabeba mchanga kutwa: tatizo limepatikana. Waliosema koili (waya uliozungushwa, ambamo sumaku hucheza punda akitembea na kuzalisha umeme) ni mbovu, sivyo. Sumaku inacheza sawasawa.

Kosa lilikuwa kwenye programu. Kapasita ya lithiamu ya faradi 30, ndiyo inayohifadhi umeme huo, ikishuka kutoka volti 3.6 hadi 2.7 inatoa takriban jouli 85 za nishati. GPS inayokula miliampea 25 kwa volti 3.3 ikipata setilaiti ndani ya sekunde 30 inatumia jouli 2.5 tu. Lakini punda akilala kwenye kichochoro cha mji wa kale, kati ya kuta ndefu za mawe, anga haionekani. GPS ikihangaika dakika 15 inakomba jouli 74, na usiku punda hatembei kurudisha kitu.

Sasa GPS ina kikomo cha sekunde 60, na haiwashwi kabisa kama kitambua mwendo kimetulia. Pia inasubiri kapasita ifike volti 3.4 ndiyo iwake, na inazimwa ikishuka hadi 2.7. Mwanzo zote mbili zilikuwa 3.0, kwa hiyo ilikuwa inawaka na kuzima kama taa ya sikukuu.

Kisanduku kikae juu ya shingo, uzito mdogo chini ya koo usikiache kipinduke. Silikoni ya kuzibia iwe isiyotoa asidi ya siki. Ile yenye harufu kali ya siki inakula shaba, na chumvi ya hapa inamalizia.